Saa ya Kuona Wagonjwa

Nilistaafu mwezi uliopita. Wenzangu wadogo wa kazualti walininunulia keki na soda, wakanipa saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu akiruhusiwa hatimaye kulala mpaka jua litoke anapewa saa. Baada ya keki, wauguzi watatu walinifuata hadi nje wakaniambia wamepata kazi ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambazo serikali ya mjini haijulikani vijijini na hospitali hushambuliwa kama kambi za jeshi. Waliniuliza, "Mama Rael, ile siku watu walikuja getini, mlifanya nini hasa?" Nikawaambia nitaandika. Ukiisimulia umesimama kwenye maegesho, hadithi ile inageuka kuwa ya kishujaa, na haikuwa hivyo hata kidogo.

Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo huja mtu akishachoka, na mshahara wa muuguzi mnaujua wenyewe.

Nilianza kazi katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Kiplombe, wakati ambapo pale palikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Ilikuwa na wodi ya wanaume, wodi ya akina mama, thieta moja ya upasuaji, na geti la mabati lililolia kila likifunguliwa. Matron wetu aliitwa Wambui. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kati wakaja kulima huku, naye alizaliwa hapa hapa Eldoret na alikijua Kikalenjin vizuri kiasi kwamba wagonjwa walikuwa wakimsema mbele yake halafu wanashtuka akiwajibu. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakupenda mtu anayekimbia kwenye korido. "Ukikimbia, wagonjwa wote wanadhani ni wao wanakufa," alikuwa akisema.

Siku yangu ya kwanza nilitarajia anipeleke wodini. Alinipeleka getini. Kando ya kibanda cha Mzee Wafula, bawabu wetu, palikuwa na ukuta mfupi, na juu ya ukuta ule ziliegemezwa panga, rungu na jembe moja. Wakulima walikuja moja kwa moja kutoka shambani, na sheria ilikuwa kwamba kila kitu cha mkononi kinabaki pale. Mimi nilidhani ni mambo ya usafi. Matron akaniambia, "Mtu akiingia na panga, hata kama ni mpole namna gani, mgonjwa anaangalia panga. Haniangalii mimi. Na mimi nataka aniangalie." Mzee Wafula aliisimamia sheria ile bila kujali wewe ni nani. Diwani aliwahi kuacha fimbo yake pale akachechemea mpaka ndani.

Kitu cha pili kilichonishangaza kilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Mnajua desturi yetu. Mtu anakuja kumwona shangazi yake, lakini hawezi kwenda moja kwa moja kwa shangazi. Anaanza kitanda cha kwanza mlangoni, anatoa mkono, anauliza unaendeleaje, anasema pole, anaenda cha pili. Kuruka kitanda ni tusi. Na kabla hajaondoka anaombwa aombe, na maombi ni ya wodi nzima, si ya shangazi peke yake. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa vijidudu. Nikalalamika kwamba mgeni mmoja anabeba kidonda cha kitanda cha kwanza mpaka kitanda cha mwisho. Matron alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza bomba la maji liwekwe kando ya mlango wa kila wodi. "Wasalimie, lakini wanawe," akasema. Tangu siku hiyo kazi yangu kila mchana ilikuwa kusimama mlangoni nikiwaambia watu wazima wanawe mikono, na sikupendwa.

Kwa Matron nilijifunza kukata nguo ya mtu aliyeumia bila kumgeuza, na kutomwahidi mtu kitu ambacho sina kwenye kabati. Nilijifunza pia kwamba mshale hauvutwi. Unaufunga pale pale ulipo usisogee, unampeleka mtu thieta. Somo hilo nilidhani ni la watu wanaoibiana ng'ombe huko mbali. Halafu ukaja mwaka wa vurugu.

Siasa za mwaka ule sitazieleza. Kila mtu wa huku ana yake, na zote nimezisikia kwenye foleni ya sindano. Itoshe kusema kwamba majirani waliokuwa wakisaga mahindi kwenye kinu kimoja walianza kuchomeana nyumba, na barabara ya kwenda mjini ikafungwa kwa mawe na matairi. Walioumia waliletwa kwetu kwa mikokoteni na kwa pikipiki, wa pande zote mbili, wakati mwingine kutoka kwa vita vile vile.

Siku za mwanzo askari polisi alikuja akitaka kumhoji kijana mmoja aliyekuwa amelazwa. Alikuwa na bunduki begani. Mzee Wafula alimwonyesha ukuta. Askari akacheka. Matron alitoka nje na kumwambia polepole, "Afande, bunduki achia mwenzako kwa gari. Ukiingia nayo, hawa vijana wako barabarani watasema hii hospitali ni yenu. Wewe utaenda, sisi tutabaki." Vijana wenyewe walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wakitazama. Yule askari alinung'unika, akaiacha bunduki garini, akaingia mikono mitupu. Wakati huo nilimwona Matron kama mtu anayetafuta ugomvi usio na maana. Bunduki ya serikali, nilifikiri, ingetulinda.

Kisha tukafanya kosa, na lilifanywa kwa nia njema kabisa. Wagonjwa wenyewe ndio walianza kuomba. Mwenye kichwa kilichopasuliwa hakutaka kulala karibu na mtu wa upande uliompasua, na huwezi kumlaumu. Msimamizi wa hospitali, mtu mpole aliyependa amani, aliamua baada ya ibada ya asubuhi kwamba tuwatenganishe. Watu wa upande huu wakae wodi ya kwanza, ile ya wanaume, na wa upande ule wodi ya pili, ile ya akina mama. Matron alipinga. Lakini alikuwa mmoja wa wale wa upande ule, na kila mtu kwenye kikao aliona anatetea watu wake, ingawa hakuna aliyelisema. Basi tukahamisha vitanda. Wanaume na wanawake wakawa chumba kimoja, shuka imening'inizwa katikati, jambo ambalo siku ya kawaida lingefanya mtu afukuzwe kazi. Jioni ile wodi zilikuwa tulivu na msimamizi alifurahi.

Tatizo ni kwamba watu waliendelea kuja kuona wagonjwa. Walikuja na chupa za chai, wakasalimia, wakaomba, wakarudi nyumbani na kueleza walichoona. Haukupita muda kila mtu kuanzia kwetu mpaka Moiben alijua kwamba wale wako wodi ya pili, ile yenye madirisha upande wa barabara. Tulikuwa tumewakusanya chumba kimoja na kutangaza. Kwanza likaja jiwe, likavunja kioo na kuangukia kitanda cha mama aliyejifungua. Kisha asubuhi moja Mzee Wafula alikuja mpaka mlango wa thieta, yeye ambaye hakuwahi kuacha geti, akamwambia Matron, "Mama, mtu wa boda amenishow wanakuja leo. Baada ya lunch. Wanataka wodi ya pili."

Msimamizi alikuwa amekwenda mjini kutafuta ulinzi, akakwama huko. Tukapiga simu polisi. Wakatuambia barabara imefungwa, tuvumilie. Nawaambia kweli, nilishikwa na hofu ya aina ambayo inakufanya utake kufanya kazi ndogo ndogo. Nilianza kukunja bandeji ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Matron akasema, "Rudisheni vitanda."

"Virudi wapi?" nikauliza.

"Wanaume kwa wanaume, akina mama kwa akina mama. Vile vilikuwa."

Nilielewa anachotaka, na sikukipenda. Nikamvuta kando. "Matron, si hiyo ni kuwaficha hawa nyuma ya wale wengine? Wakichoma, wataungua wote."

Alinitazama. "Rael, siku ya kawaida, mwanaume akiletwa hapa ameumia, unamlaza wapi?"

"Kitanda chochote kiko wazi wodi ya wanaume."

"Basi mlaze hapo. Lakini uliza kwanza yule atalala karibu naye. Asiyetaka, usimlazimishe."

Tukaenda kitanda kwa kitanda tukiuliza. Hiyo ilikuwa saa ngumu kuliko zote, kwa sababu watu walikuwa na haki ya kukataa, na wengine walikataa. Kijana mmoja aliyevunjika mkono alisema, "Nyinyi mnatuletea moto hapa," na hakukosea. Mzigo mkubwa ulikuwa Karanja. Karanja alikuwa mwenye kinu cha kusaga unga pale kwenye senta ya maduka, mtu anayejulikana na kila mtu, na wote walisema yeye ndiye anayetafutwa hasa. Alikuwa ametolewa mshale kwenye paja na hakuweza hata kusimama. Hakuna aliyemtaka jirani.

Aliyemkubali alikuwa Mzee Chumo, mkulima aliyevunjika nyonga kwa kuteleza zizini. Mguu wake ulikuwa umefungwa na kuvutwa kwa uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda, na tangu aletwe alikuwa akilalamika kwamba chai yetu haina maziwa. "Mleteni huyo wa kinu hapa," akasema. "Juzi alinisagia unga uko na mchanga. Nataka kumuuliza."

Nikainama nikamweleza waziwazi kwamba kuna watu wanakuja na kwamba kitanda hiki huenda kikawa hatari.

"Sista, mimi nimevunjika mguu, si masikio," akanijibu. "Sukuma kitanda."

Tulimaliza kabla ya saa ya wageni. Nilimwomba Matron aingie stoo ya dawa nimfungie kwa nje, kwa sababu na yeye alikuwa akitafutwa. Akakataa. Alisema wagonjwa wakimkosa watajua kuna la kuogopa. Akachukua troli yake ya sindano akaanza zamu ya dawa kama kawaida, akaniambia, "Wewe enda getini. Wanakujua. Usibishane nao, na usiwafungie. Wape kile geti hupeana kila siku."

Walikuja wengi, wakaijaza barabara. Aliyekuwa mbele aliitwa Kibet, mnunuzi wa mahindi, mtu mzima mwenye familia. Mke wake alijifungulia kwetu, na mtoto nilimpokea mimi. Alikuwa na upinde, mishale na panga. Nilishika funguo za kabati ndani ya mfuko wa sare nikazibana mpaka zikaniumiza.

"Sista Rael, hatuna shida na wewe," akasema. "Wewe ni msichana wetu. Tupe tu wale wa wodi ya pili, tuende."

"Wodi ya pili ni ya akina mama."

"Usinicheze. Tunajua mliwaweka huko."

"Ilikuwa. Saa hii ni akina mama na watoto. Wa kwenu pia wamo."

Nyuma yake mtu akasema kwa Kikalenjin, lugha yetu, kwamba nimenunuliwa. Mwingine akaanza kupiga mabati ya geti kwa rungu. Mzee Wafula alikuwa amesimama kando yangu, na nilisikia pumzi yake. Huko mwendako mtafundishwa sheria za vita, kwamba hospitali haiguswi na mgonjwa hana upande. Zisomeni mzijue, ni sheria nzuri. Lakini sheria hazikuwepo getini mchana ule. Nilikuwepo mimi, na kitu pekee nilichokumbuka ni kile nilichokuwa nikisema kila siku.

"Ni saa ya kuona wagonjwa," nikamwambia Kibet. "Ukitaka kuona, ingia. Wawili wawili. Vitu vya mkono viache hapo ukutani."

Alinitazama kana kwamba nimepatwa na wazimu. Nikaongeza, "Hata polisi waliacha bunduki nje. Mlikuwa hapo ng'ambo, mliona."

Waliona kweli. Niliona jambo hilo likipita usoni mwa wale wa mbele. Kama yule askari angeingia na bunduki yake, nisingekuwa na neno la kumwambia Kibet, na hapo ndipo nilipomwelewa Matron. Kibet alisimama akifikiri, watu nyuma yake wakipiga kelele aingie tu, avunje tu. Kisha akaegemeza upinde ukutani, akaweka mishale na panga chini, akamwita mwenzake mmoja, wakaingia. Wengine wakabaki barabarani wakingoja aite.

Alitazama wodi ya akina mama kutoka mlangoni. Wanawake walinyamaza wote. Watoto wachanga walikuwa wakilia kama kawaida yao. Akageuka akaelekea wodi ya wanaume, nami nyuma yake. Alipofika mlangoni nikasikia sauti yangu ikisema, "Nawa mikono." Ni mazoea tu, sikukusudia. Alisimama. Kisha akafungua bomba, akanawa, na mwenzake naye akanawa.

Kitanda cha kwanza kulikuwa na mtu wa kwao. "Chamgei," mgonjwa akamsalimia, akamnyooshea mkono. Kibet akauchukua, akasema pole. Kitanda cha pili vivyo hivyo. Cha tatu alikuwa mtu wa upande wa pili, mzee mwenye bandeji kichwani, naye akanyoosha mkono kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Kibet alisita, akaugusa haraka, akaendelea. Matron alikuwa mwisho wa wodi akivuta dawa kwenye sindano, mgongo umetugeukia. Hakugeuka. Nilikuwa nikimwomba Mungu moyoni asigeuke.

Akafika kwa Mzee Chumo.

"Umeniletea nini?" mzee akauliza.

"Mzee?"

"Umekuja kuona watu mikono mitupu. Hata chai?"

Kibet alikuwa anatazama kitanda kilichofuata, ambapo Karanja alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Mgonjwa," Mzee Chumo akasema.

"Naona ni mgonjwa. Ni nani?"

"Umesalimia wodi yote kutoka huko mlangoni. Utamruka huyu?"

Mwenzake Kibet aliangalia dirisha, na nilijua anapima kama sauti itafika barabarani. Karanja akautoa mkono wake chini ya blanketi, polepole, akaunyoosha. Ulikaa hewani muda mrefu sana. Nilifikiri nipige hatua nisimame katikati yao, lakini sikufanya hivyo. Kisha Kibet akaushika.

"Pole," akasema.

"Asante," Karanja akajibu.

"Sasa tuombee uende," Mzee Chumo akasema. "Na uombe kwa Kiswahili. Wote wasikie."

Kibet alivua kofia. Nilimchukia wakati ule, na nilimhurumia, na nilitaka amalize. "Mungu," akasema, akanyamaza. "Mungu, ponya hawa wagonjwa."

"Wote," Mzee Chumo akasema.

"Ponya wote."

Wodi nzima ikaitikia amina, na Matron pia, bila kugeuka.

Nilimsindikiza mpaka getini. Alichukua panga, akaokota mishale, akautwaa upinde. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Hiyo paja yake, usaha umeisha?"

Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za paja. Karanja alikuwa amefunikwa mwili mzima. Nikamjibu kwamba habari za mgonjwa siwezi kumpa mtu asiye wa familia, jibu ambalo hutolewa kila siku kwenye dirisha la wagonjwa wa nje. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akawaambia wenzake jambo moja fupi kwa lugha yetu, kwamba humo ndani ni wagonjwa tu, wakaondoka wakipanda barabara. Msidhani walikwenda nyumbani. Kabla jua halijashuka niliona moshi upande wa Moiben, na kesho yake tulipokea walioungua.

Nilirudi wodini nikakaa kwenye kiti kando ya Karanja. Sikujua kama nimwambie. Nilifikiri ana haki ya kujua, halafu nikafikiri mtu mwenye homa haambiwi kitu kama hicho. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Nilimjua tu akiwa kwa mlango," Karanja akasema. "Ni yeye alinipiga huu mshale. Tuliangaliana, yeye na mimi, kama kutoka hapa mpaka kwa hilo dirisha."

Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa bado nje ya blanketi.

"Na ukampa mkono?" nikamuuliza.

"Sasa ningefanya nini, Sista?" akasema. "Si alikuwa amekuja kuona wagonjwa."